Mashine Haijaharibika: Inamtii Mtu Mwingine

Kuna neno moja ambalo mafundi wetu wa kompyuta, maofisa wetu wa TEHAMA na hata baadhi ya wahadhiri wenzangu hulitumia kwa wepesi unaoniudhi. Neno hilo ni "kuharibu". Mwanafunzi amejaribu kuweka Linux kando ya Windows katika laptop yake mwenyewe, aliyoinunua kwa fedha ya bumu alizozibana mwezi hadi mwezi. Akaiwasha asubuhi, ikamwonesha skrini nyeusi yenye herufi nyeupe. Au ikaenda moja kwa moja kwenye Windows kana kwamba kazi ya usiku kucha haikufanyika. Au ikamdai tarakimu 48 ambazo hajapata kuziona maishani mwake. Anaipeleka kwa fundi. Fundi anaitazama, anatikisa kichwa, anasema: umeiharibu. Kisha anafuta kila kitu, utafiti wa shahada ukiwa humo humo, anarudisha Windows isiyo na leseni, na anapokea ujira wake.

Napinga neno hilo, na napinga zaidi fikra iliyojificha nyuma yake. Katika visa vingi vya aina hii hakuna kifaa kilichoungua, hakuna diski iliyokufa, na mara nyingi hakuna hata faili moja lililopotea mpaka fundi alipoanza kazi yake. Kilichopo ni mgogoro wa mamlaka. Mwenye mashine ametoa amri, na mashine imechagua kumtii mwingine. Swali la kwanza mbele ya kompyuta iliyokataa mfumo wa pili lisiwe "umefanya nini?", liwe "inamtii nani?" Wanaosoma sayansi ya siasa watalitambua swali hilo. Tunawafundisha mwaka wa kwanza, ila tunalifundisha kana kwamba dola peke yake ndiyo yenye kutawala watu.

Tuanze na kinachotokea unapobonyeza kitufe cha kuwashia. Kabla ya Windows na kabla ya Linux, huamka programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao mama wa mashine. Zamani iliitwa BIOS. Katika mashine nyingi zilizotengenezwa tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 inaitwa UEFI. Programu hii ina daftari lake: majina ya wanaostahili kuamshwa, na utaratibu wa nani atangulie. Ikishalisoma daftari, hufungua sehemu ndogo ya diski, ambayo Windows kwa kawaida huitengea takriban megabaiti 100 tu, na humo hutafuta faili la kuanzishia mfumo. Unapoweka Linux, kianzishi chake, ambacho mara nyingi ni GRUB, hujiandikisha katika daftari hilohilo na kuweka faili lake katika sehemu hiyohiyo. Wapangaji wawili sasa wanaishi nyumba moja yenye mlango mmoja.

Ugomvi mwingi unaoitwa "uharibifu" ni ugomvi wa mlango huo. Daftari likisema Windows kwanza, utaiona Windows na kudhani Linux haipo. Ipo. Ingia katika mipangilio ya UEFI kwa F2, F10, Esc au Del, kutegemea mtengenezaji, panga upya utaratibu, na kazi imekwisha. Wapo hata watengenezaji ambao mashine zao hulipuuza daftari kabisa. Utaandika unavyotaka, nazo zitalikimbilia faili la Windows kwa jina, kwa sababu aliyeiandika programu ile hakufikiria kwamba duniani kuna mfumo mwingine wowote. Hapo inabidi kianzishi cha Linux kinakiliwe kwa jina lile la akiba ambalo kila UEFI inapaswa kulijua. Huo ni uzembe wa kiwandani, lakini anayelipishwa ni mwanafunzi.

Mengine niyataje kwa haraka, maana yanajulikana na hayana fumbo. Ukiweka Linux kwa mtindo wa BIOS ya kale wakati Windows imewekwa kwa UEFI, mifumo hiyo haitaonana. Dawa ni kuwasha upya ile fleshi ya kuwekea mfumo na kuchagua jina lake lenye maandishi UEFI mbele yake. Programu ya kuwekea Linux isipoiona diski yako, yaelekea diski imefungwa katika mpangilio wa Intel uitwao RST. Usikimbilie kuugeuza uwe AHCI kabla hujaiandaa Windows iwake katika hali ya usalama, la sivyo Windows nayo itagoma. Linux ikikataa kuandika kwenye sehemu ya Windows, ni kwa sababu Windows haikuzimika. Ule mpango wake wa kuwaka haraka, Fast Startup, hukufanya udhani umezima wakati mfumo umesinzia tu na kuyaacha mafaili nusu wazi. Na saa ya Windows ikirudi nyuma kwa saa 3 kila ukitoka Linux, usibadili betri: Linux huiacha saa ya mashine katika majira ya Greenwich, Windows huisoma kana kwamba ni majira yetu ya Afrika Mashariki. Nimesikia betri nzima nzima zikitupwa kwa kosa la hesabu ya longitudo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Pamoja na UEFI ya mwaka 2012 kilikuja kitu kiitwacho Secure Boot, yaani uwashaji salama. Wazo lake halina ubaya. Mashine inahifadhi orodha ya funguo inazoziamini. Kianzishi chochote kisicho na saini inayotokana na funguo hizo hakiwashwi. Mwizi akipachika programu yake chini ya mfumo, mahali ambapo hata kinga ya virusi haifiki, mashine itaigomea. Ni kama ofisi ya serikali isiyopokea barua bila muhuri. Lakini kila mtumishi wa umma anajua swali linalofuata: muhuri uko mikononi mwa nani?

Uko mikononi mwa Microsoft. Karibu kompyuta zote zinazouzwa kwa ajili ya Windows hutoka kiwandani zikiwa na funguo za kampuni hiyo. Linux ilipotaka kuwaka kwenye mashine hizo bila kumlazimisha kila mtumiaji kuzima ulinzi, ilibidi iende kuomba saini. Mhandisi Matthew Garrett aliandika kianzishi kidogo kiitwacho shim, kikatiwa saini na Microsoft, nacho ndicho kinachoifungulia GRUB mlango. Mradi wa Fedora ulilipa ada ya dola 99 kujiandikisha katika utaratibu huo. Fedha ni kidogo na sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na mpangilio wenyewe: mshindani mmoja sokoni ndiye anayegonga muhuri kwenye barua za washindani wake, na ndiye anayeamua ni lini muhuri huo ufutwe.

Angalieni pia jinsi lugha ya mpangilio huu ilivyo. Ndani ya shim kuna nafasi ya ufunguo wa ziada, unaoitwa kwa kifupi MOK. Maana ya herufi hizo ni "ufunguo wa mwenye mashine". Mwenye mashine, yule aliyelipa fedha zake, anaruhusiwa kuwa na ufunguo, lakini ufunguo huo uko ndani ya chumba kilichofunguliwa kwa ufunguo wa kampuni. Unapotaka kuusajili, mathalani ili programu ya kadi ya Nvidia ikubalike, mashine inakuonesha skrini ya buluu kwa sekunde 10. Usipobonyeza kitu, fursa inapita na skrini yako inabaki na picha duni au nyeusi. Wanafunzi wangapi wameiona skrini hiyo, wakaiogopa, wakasubiri iondoke? Kisha wakaambiwa wameharibu.

Tarehe 13 Agosti 2024 tuliona kwa macho maana ya muhuri kuwa mikononi mwa mwingine. Microsoft ilisambaza sasisho la usalama la kila mwezi. Ndani yake kulikuwa na orodha mpya ya vianzishi visivyoaminika tena, kwa sababu ya tundu la GRUB lililokuwa limejulikana tangu mwaka 2022. Kampuni ilisema orodha hiyo haitapelekwa kwenye mashine zenye Windows na Linux pamoja. Ikapelekwa. Utambuzi wao wa mashine zenye mifumo miwili ulishindwa kuzibaini baadhi ya hizo, na watumiaji wa Ubuntu, Debian, Linux Mint na mifumo mingine wakaamka siku iliyofuata wakakuta mashine zao zinakataa kuwasha Linux, zikiwaambia kwamba sera ya usalama imekiukwa na kwamba kuna jambo limekwenda vibaya sana.

Tafakarini hali hiyo. Mtu hakugusa chochote. Aliwasha Windows, ikajisasisha kama inavyojisasisha kila mwezi, na asubuhi nusu ya nyumba yake ilikuwa imefungwa kwa kufuli asilokuwa na ufunguo wake. Si kwamba Linux ilikuwa imeharibika. Haikuguswa hata faili lake moja. Jina lake lilifutwa katika orodha ya wanaoaminika, na aliyelifuta hakuwa mwenye mashine.

Dawa ilipatikana, na naiandika hapa kwa sababu wapo bado wenye mashine zilizokwama au waliorudishiwa Windows tupu bila sababu. Ingia kwenye UEFI, zima Secure Boot. Washa Linux, fungua terminali, andika sudo mokutil --set-sbat-policy delete. Zima na uwashe tena uingie Linux, sasisha mfumo wako ili upate shim na GRUB mpya, kisha rudi kwenye UEFI uwashe Secure Boot. Dakika 15 kwa mtu asiye na haraka. Suluhisho la kudumu la kampuni yenyewe lilikuja Mei 2025, miezi 9 baadaye. Ingekuwa ni Linux iliyofunga Windows za watu kwa miezi 9, sidhani kama tungetumia maneno ya upole kiasi hiki.

Wapo watakaosema nalikuza jambo, kwamba ni ajali ya kiufundi na makampuni nayo hukosea kama wanadamu. Nakubali kuwa Agosti 2024 ilikuwa ajali. Lakini ajali hutokea mahali ambapo mpangilio umeziruhusu zitokee, na mpangilio huu una historia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mfumo uitwao BeOS, uliotengenezwa na kampuni ya Jean-Louis Gassée. Haukuwa mradi wa wapenzi wa usiku; ulikuwa mfumo mwepesi, wenye kasi, uliosifiwa kwa kazi za sauti na picha. Kampuni hiyo ilikuwa tayari kuwapa watengenezaji wa kompyuta mfumo huo bure, mradi uwekwe kando ya Windows na mnunuzi apewe menyu ya kuchagua anapowasha mashine. Hitachi ya Japani ikaweka BeOS katika baadhi ya mashine zake. Lakini menyu haikuwepo. BeOS ilikuwa kwenye diski, mnunuzi ameilipia diski hiyo, ila alipowasha aliona Windows peke yake, na kuufikia mfumo wa pili kulihitaji maelekezo ambayo mtu wa kawaida asingeyatafuta kwa kuwa hakujua kuna cha kutafuta. Sababu iliyotolewa na kampuni ya Be ilikuwa masharti ya leseni za Microsoft kwa watengenezaji. Be ilishtaki mwaka 2002, ikiwa tayari imeshakufa kibiashara. Mwaka 2003 Microsoft ikakubali kulipa dola milioni 23.25 kumaliza shauri hilo bila kukiri kosa.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinaondoa udanganyifu kwamba mlango wa kuwashia kompyuta ni jambo la mafundi. Waliokuwa na fedha walijua zamani kwamba anayeshika sekunde 5 za kwanza baada ya kitufe kubonyezwa ndiye anayeshika soko. Hawakuhitaji kuufuta mfumo wa pili. Ilitosha usionekane.

Kisha tazameni mwelekeo. Windows 8 ilipotoka, masharti ya Microsoft yaliwataka watengenezaji wa kompyuta za kawaida wamwachie mnunuzi uwezo wa kuzima Secure Boot. Kwa vifaa vyenye vichakato vya ARM, masharti yalikuwa kinyume, uwezo huo usiwepo. Ilipokuja Windows 10 mwaka 2015, lile sharti la kumwachia mnunuzi likageuka kuwa hiari ya mtengenezaji. Mwaka 2022 zikaanza kuonekana laptop ambazo hata saini ile iliyoombwa na Linux hazikuiamini mpaka mwenyewe aingie kwenye UEFI na kuiruhusu. Haki ikawa hiari, hiari ikawa kitu cha kutafutwa kwenye menyu ya ndani. Mwanasheria yeyote anayesoma hapa ameshaona haki za namna hiyo zikiondoka bila kufutwa.

Hoja nzito ya upande wa pili ni usalama, nami siidharau. Programu hasidi zinazojipachika chini ya mfumo zipo. Mwezi Machi 2023 watafiti wa ESET walieleza kuhusu BlackLotus, hasidi iliyoweza kuipita Secure Boot hata katika Windows 11 iliyosasishwa kikamilifu. Lakini someni ilivyopita. Haikupita kwa Linux ya mwanafunzi wa chuo. Ilitumia vianzishi vya kale vya Windows yenyewe, vilivyokuwa na tundu lililokwisha kujulikana lakini ambavyo saini zao hazikuwa zimefutwa. Muhuri uliotumika kuvunja nyumba ulikuwa muhuri wa mwenye muhuri. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mamlaka hii ikae mahali pamoja kwa ajili ya usalama wangu anieleze kwanza kwa nini vianzishi vya mshindani vilifutwa kwa sasisho la usiku mmoja, na vya mwenyewe vikahitaji uangalifu, awamu na miaka.

Sasa zile tarakimu 48. Hapa ndipo naona madhara halisi, na hapa ndipo naomba wanafunzi wanisome polepole. Laptop nyingi za sasa zenye Windows 11 husimba diski nzima zenyewe kwa BitLocker au kwa kile kinachoitwa usimbaji wa kifaa, mara nyingi bila mtumiaji kujua. Ufunguo wa kufungulia hukaa ndani ya kichipu cha TPM, na nakala yake hupelekwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa mashine. Ukibadili utaratibu wa kuwasha au ukizima Secure Boot, TPM huona kwamba nyumba imebadilika, hukataa kutoa ufunguo, na skrini inakudai zile tarakimu. Kama akaunti ni yako, utaingia kwenye tovuti kwa simu na kuzisoma. Lakini ni wangapi kati yenu mnaomiliki akaunti hiyo? Laptop nyingi mitaani kwetu ni mitumba iliyopitia Dubai. Nyingine ziliandaliwa na kijana wa dukani kwa barua pepe yake mwenyewe ili akukabidhi haraka. Ufunguo wa tasnifu yako uko katika akaunti ya mtu ambaye hata jina hulijui.

Nimemwona mwanafunzi wa shahada ya uzamili akikaa wiki moja mbele ya skrini hiyo ya buluu akiwa na mahojiano ya wakulima 40 ndani ya diski na nakala hakuna popote. Aliyemwandalia mashine hakupatikana. Takwimu zile hazikurudi. Usimbaji ulifanya kazi yake barabara: ulimlinda dhidi ya mwizi, ila mashine haikuwa na njia ya kujua kwamba aliyekaa mbele yake si mwizi.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya kupakua Linux, kabla ya kupunguza sehemu ya Windows: fungua terminali ya Windows kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na uangalie. Zikitokea tarakimu, ziandike kwenye daftari la karatasi, liweke mahali salama. Kisha hamisha mafaili yako kwenye diski ya nje. Ukisha kufanya hayo mawili, kila kosa linalobaki linarekebishika. Usipofanya, hata kosa ambalo si lako linaweza kukumaliza. Fundi asiyekuuliza kuhusu tarakimu hizo kabla ya kuigusa UEFI, mpokonye mashine yako.

Nisije nikaonekana mwenye upendeleo, niseme na upande wa Linux. Ndugu zangu wa programu huria wana tabia yao ya kumwambia kila mtu "futa Windows, tatizo litaisha". Ni jibu la mtu asiyetumwa faili la Excel lenye makro na ofisi ya uhasibu. Na wao pia wamefunga milango. GRUB toleo la 2.06 la mwaka 2021 lilizima kwa kawaida yake ile programu ndogo inayotafuta mifumo mingine katika diski, kwa sababu za usalama, na watu wengi wakasasisha Linux wakakuta Windows imetoweka kwenye menyu. Ilikuwa ipo; ilihitaji mstari mmoja, GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, katika faili la /etc/default/grub, kisha sudo update-grub. Tofauti ni kwamba huku mlango uliofungwa unafungulika kwa mkono wa mwenye nyumba, na sababu ya kuufunga imeandikwa mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini haimsaidii mtu ambaye hajaambiwa.

Kwa nini nayasema haya sasa, katika ukurasa ambao kwa kawaida unazungumzia bajeti na uchaguzi? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kuihudumia Windows 10, ikiacha nyongeza ya mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha, na Windows 11 inadai TPM 2.0 na vichakato ambavyo kwa sehemu kubwa ni vya kuanzia mwaka 2017 na kuendelea. Tazameni maabara za vyuo vyetu, ofisi za halmashauri, meza za walimu. Mashine zinazofanya kazi vizuri kabisa zimetangazwa kuwa wazee na mtu aliye ng'ambo ya bahari. Tuna njia tatu: kununua upya kwa fedha tusizo nazo, kuendelea bila sasisho huku tukihifadhi kumbukumbu za wagonjwa na wanafunzi humo, au kuziwekea mfumo mwingine, kando au badala. Njia ya tatu ndiyo nafuu kuliko zote, na ndiyo ambayo maofisa wetu wa TEHAMA wameipiga marufuku kwa karatasi iliyobandikwa ukutani: "Ni marufuku kuweka programu yoyote." Karatasi hiyo haitofautishi kati ya mchezo wa kamari na mfumo endeshi.

Na msiniambie kwamba hatuna uwezo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Walikaa watu wakaamua "faili" liitweje na "hifadhi" iandikwe wapi. Miaka zaidi ya 20 imepita tangu tuoneshe kwamba kompyuta inaweza kutusikiliza kwa lugha yetu, na leo mjadala wetu mkubwa ni kama mwanafunzi aruhusiwe kubonyeza F2.

Ninachokidai kiko ndani ya uwezo wa watumishi wa umma wanaosoma hapa, na hakihitaji sheria mpya. Kinahitaji mistari minne katika maelezo ya vifaa mnayoyapandisha NeST mnaponunua kompyuta kwa kodi zetu. Kwanza, mzabuni akabidhi nywila ya UEFI kwa taasisi, maana zipo mashine za umma ambazo nywila yake anayo fundi wa mzabuni peke yake. Pili, Secure Boot iweze kuzimwa, na funguo zake ziweze kuongezwa na kuondolewa na taasisi yenyewe. Tatu, tarakimu za kufungulia usimbaji wa kila mashine zikabidhiwe kwa maandishi na kuhifadhiwa na taasisi, si katika akaunti binafsi ya yeyote. Nne, mzabuni aoneshe mbele ya kamati ya mapokezi kwamba mashine inawaka kwa mfumo wa pili kutoka kwenye fleshi. Jaribio hilo la nne linachukua dakika 5. Mashine ikigoma, irudishwe kwenye lori kabla hati haijasainiwa.

Kuna haraka pia. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, ambavyo ndivyo msingi wa saini nilizozieleza, vimepangiwa kufikia kikomo kuanzia Juni 2026, na nafasi yake inachukuliwa na vile vya mwaka 2023. Mashine hazizimiki zote siku cheti kinapoisha. Kilichokwisha kutiwa saini kitaendelea kuwaka. Lakini mashine ambayo mtengenezaji wake hajaipelekea cheti kipya haitavitambua vianzishi vipya vitakavyosainiwa kwa cheti hicho, na mtakapoweka toleo jipya la Linux itawajibu kwa skrini ileile nyeusi. Mashine kongwe, zile ambazo watengenezaji wamekwisha kuzisahau, ndizo zitakazoathirika zaidi, nazo ndizo zilizojaa kwetu. Kila mkuu wa kitengo cha TEHAMA anapaswa kuwa na orodha ya mashine zake: ipi imepata cheti kipya, ipi bado, na ipi haitakipata kamwe. Nimewauliza watatu katika taasisi tatu tofauti. Wawili hawakuwa na orodha hiyo. Wa tatu aliniuliza kama nina ruhusa ya kuuliza.